Mkate wa Elfu Kumi na Nane: Hesabu ya Mikataba Isiyo na Riba kwa Viazi vya Elburgon

Watu wakishajua kwamba kazi yako ni kuandika programu za kompyuta, wanakuletea hesabu za kila aina. Hapa Elburgon nimeshaletewa hesabu za mbao, za chama, za matatu na hata za mahari. Lakini swali linalorudi mara kwa mara siku hizi ni hili: hizi benki zisizotoza riba ni nafuu kweli, au ni riba ileile iliyobadilishwa jina?

Wengi huliuliza kwa mzaha. Dada yangu aliliuliza kwa dhati. Analima ekari moja ya viazi upande wa Turi, shamba la kukodi, na mwaka huu kabla ya mvua ya masika alihitaji pesa za mbegu, mbolea, dawa na kodi. Alikuwa na milango mitatu mbele yake: mkopo wa kawaida, benki ya Kiislamu ambayo ingemnunulia pembejeo na kumuuzia, na mfanyabiashara mmoja wa Nakuru aliyekuwa tayari kumlipa viazi kabla hata havijapandwa. Miaka michache nyuma aliwahi kukopa mahali, bei ya viazi ikaanguka, deni likaendelea kuzaa, na mwisho akauza ng'ombe wa maziwa ili alipe. Ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa akilipa karo ya watoto. Kwa hiyo aliponiuliza, "Ndugu yangu, upi hapa hautanirudisha kule?" niliona hilo si swali la kujibu kwa maneno matupu. Nilifungua kompyuta.

Leo nataka kuwaeleza nilichokiona, maana kinawahusu wengi zaidi ya dada yangu.

Tuanze na historia kidogo. Neno riba tunalo katika Kiswahili tangu zamani, na tunalitumia kwa ziada yoyote inayotozwa juu ya mkopo. Sheria ya Kiislamu inaikataza riba na kuiruhusu biashara. Kwa lugha nyepesi: pesa haizai pesa peke yake. Anayetaka faida lazima apitie katikati kwenye bidhaa, kazi au hatari ya kupata hasara. Majaribio ya kujenga benki ya kisasa juu ya msingi huo yalianza Misri, katika mji wa Mit Ghamr, mwaka 1963. Benki ya Kiislamu ya Dubai ilifuata mwaka 1975. Kwetu Kenya, Barclays ilifungua akaunti iliyoitwa La Riba mwezi Desemba 2005, kisha mwaka 2007 zikapewa leseni First Community Bank na Gulf African Bank, ambazo zilifungua milango mwaka 2008. DIB Bank Kenya ilikuja mwaka 2017, na mwaka 2023 First Community ikachukuliwa na Premier Bank ya Somalia. Jirani zetu wa Tanzania walipata Amana Bank mwaka 2011.

Kulikuwa na kikwazo kimoja cha kuchekesha. Sheria ya benki ya Kenya ilikuwa inakataza benki kufanya biashara ya kununua na kuuza bidhaa. Lakini benki ya Kiislamu isiponunua na kuuza bidhaa, itafanya nini? Ikabidi sheria ilegezwe kwa ajili yao. Na kwa wale wanaouliza kama dada yangu, "kwani hiyo si ya Waislamu peke yao?": hapana. Benki hizi huhudumia mteja yeyote, wa dini yoyote.

Sasa twende kwenye kupima. Wasomi wa uchumi hawakukaa kimya. Mwaka 1957 Mwingereza Farrell aliandika juu ya namna ya kupima ufanisi wa uzalishaji, na mwaka 1978 Charnes, Cooper na Rhodes wakaugeuza wazo hilo kuwa hesabu ambayo kompyuta inaweza kuifanya. Kuielewa, chukua matatu kumi za njia ya Nakuru hadi Molo. Kila moja inatumia mafuta na saa za dereva, na inabeba abiria. Ile inayobeba abiria wengi zaidi kwa mafuta yaleyale ndiyo inayokuwa kipimo. Nyingine zote unaziuliza: umebaki nyuma yake kiasi gani? Huhitaji kujua nadharia yoyote ya injini. Unalinganisha tu waliopo na aliye bora kati yao.

Hesabu hii imefanyiwa benki nyingi duniani, za riba na zisizo na riba. Kinachoingia ni amana, wafanyakazi na majengo. Kinachotoka ni fedha zilizokopeshwa na mapato. Mwisho benki hii inapata alama 0.9, ile 0.7, na mjadala unaanza.

Mimi sina ugomvi na hesabu hiyo. Inamfaa mwenye hisa. Lakini niliitafuta ekari ya dada yangu ndani yake sikuiona. Benki inaweza kupata alama nzuri kwa sababu ina mikataba mizuri, na inaweza kupata alama nzuri kwa sababu ina haraka ya kuuza ng'ombe za watu. Kipimo hakitofautishi. Kinaipima benki, na mimi nilitaka kupima mkataba.

Basi nikaandika programu yangu. Haifiki mistari 60. Namba zilizomo ni za mfano, nimeziweka kamili kamili ili uweze kufuata kwa kalamu na karatasi.

Ekari moja inahitaji Sh100,000, pamoja na kodi ya shamba. Mkataba ni wa miezi 6. Nikaweka misimu ya aina tatu. Msimu mzuri: magunia 100 ya kilo 50, bei Sh1,500 kwa gunia. Msimu wa bei kuanguka: magunia yaleyale 100, lakini kila mtu amevuna wiki moja na bei ni Sh800. Msimu wa ugonjwa: bakajani imeingia shambani, au baridi ya usiku imeunguza majani, yametoka magunia 40 tu, bei Sh1,500. Kisha nikasema katika misimu 5, mitatu ni mizuri, mmoja bei inaanguka na mmoja una ugonjwa. Mkulima yeyote wa huku atakuambia hapo nimekuwa mpole.

Mkataba wa kwanza ni mkopo wa riba. Asilimia 18 kwa mwaka, kwa hiyo Sh9,000 kwa miezi 6, na ada ya Sh3,000. Jumla ya kurudisha ni Sh112,000. Ukichelewa, kinachobaki kinatozwa riba hiyohiyo pamoja na adhabu ya asilimia 6.

Wa pili ni murabaha. Benki inanunua mbegu na mbolea kwa Sh100,000, vinakuwa mali yake, kisha inakuuzia kwa Sh113,000 utakazolipa baada ya miezi 6. Lazima ikuambie ilinunua kwa bei gani na inaweka faida gani. Bei ikishaandikwa haipandi tena hata ukichelewa. Benki inaweza kukutoza faini ya kuchelewa, lakini kwa kanuni za AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, faini hiyo haiingii kwenye faida ya benki, inapelekwa kwenye sadaka.

Wa tatu ni salam, na usiuchanganye na salamu za heri. Mnunuzi anakulipa pesa zote leo, wewe unaahidi kumletea bidhaa siku iliyotajwa. Mfanyabiashara wa Nakuru alikuwa anatoa Sh100,000 kwa magunia 80, yaani Sh1,250 kwa gunia.

Wa nne ni mudharaba. Huu hakuna aliyempa dada yangu, lakini niliuweka kwa sababu vitabu vyote vinausifu. Mmoja anatoa mtaji, mwingine anatoa kazi. Faida inagawanywa kwa mafungu mliyokubaliana, na mimi niliweka asilimia 70 kwa mkulima na 30 kwa benki. Hasara ya pesa inamwangukia mwenye pesa, na mkulima anapoteza jasho lake, mradi hakuzembea wala hakuvunja masharti.

Haya ndiyo yaliyobaki mkononi mwa mkulima, kwa mpangilio wa msimu mzuri, msimu wa bei kuanguka, na msimu wa ugonjwa. Alama ya kutoa ni deni. Kwa mkopo nimehesabu kwamba deni la msimu mbaya limekaa miezi 6 zaidi.

Mkopo wa riba: 38,000, -35,840, -58,240.
Murabaha: 37,000, -33,000, -53,000.
Salam: 30,000, 16,000, -50,000.
Mudharaba: 35,000, 0, 0.

Tulia hapo kidogo, kwa sababu jibu la lile swali la mtaani liko hapo. Mkopo na murabaha zinafanana kama mapacha. Msimu mzuri murabaha inakula Sh1,000 zaidi. Misimu mibaya inaokoa Sh2,840 na Sh5,240, kwa sababu deni lake halizai. Ni tofauti ya kweli, na kwa mtu aliyewahi kukimbizwa na deni linalokua usiku ni tofauti kubwa moyoni. Lakini kwa mfukoni haitoshi kumrudisha ng'ombe. Tena kuna upande wa pili: ukilipa mkopo mapema riba inapungua, ila kwenye murabaha bei ni bei, na punguzo ni hiari ya benki. Na tusiionee benki ya kawaida: tangu Mei 2007 sheria ya Kenya inasema mkopo wa benki ukishakwama, riba inayodaiwa haiwezi kupita mtaji uliokuwa unadaiwa siku ulipokwama. Kwa hiyo hata deni linalozaa lina ukuta mahali fulani, ingawa ukuta huo uko mbali sana na ekari moja ya viazi.

Salam ndiyo iliyonishangaza. Msimu mzuri ni ghali kuliko mikataba yote, mkulima anaachia Sh8,000 akilinganisha na mkopo. Bei ikianguka, inamwokoa kabisa: wengine wako kwenye deni, yeye ana Sh16,000. Lakini ugonjwa ukija, haimkingi. Wanazuoni wengi hawaruhusu salam ifungwe kwenye shamba moja fulani, kwa kuwa shamba hilo linaweza kukosa kuzaa. Unachoahidi ni viazi vya sifa fulani na uzito fulani, popote vitakapotoka. Ukipata magunia 40 na uliahidi 80, mnunuzi ana haki ya kusubiri, au kuvunja sehemu iliyobaki na kurudishiwa pesa zake, Sh50,000. Salam ni mwavuli wa bei. Si mwavuli wa bakajani.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii. Nilichukua kila mkataba nikajumlisha anachopata mkulima na anachopata mwenye pesa, wastani wa misimu 5. Mkopo: mkulima 3,984, mkopeshaji 14,016. Murabaha: 5,000 na 13,000. Salam: 11,200 na 6,800. Mudharaba: 21,000 na hasara ya 3,000. Jumlisha kila jozi. Kila mara unapata Sh18,000.

Kwanza nilidhani programu ina kasoro. Nikapiga hesabu kwa mkono, ikawa hivyohivyo. Na kumbe haiwezi kuwa vingine. Ekari moja inatoa wastani wa Sh118,000, gharama ni Sh100,000, mkate unaobaki ni Sh18,000. Mkataba hauongezi hata kiazi kimoja ardhini. Unaamua tu nani anakata kipande gani.

Basi kama mkate ni uleule, ufanisi wa mkataba ni nini? Si bei yake, maana bei ni mgawo tu: kinachomwumiza mmoja kinamnufaisha mwingine. Ufanisi ni makombo. Ni kile kinachoanguka njiani kabla ya kuwafikia wote wawili, kisichomfaidi yeyote.

Nikaanza kuyahesabu makombo. Mkopo una karatasi chache, nikaupa Sh1,000. Murabaha ina kazi zaidi, kwa sababu mpangilio wa hatua ndiyo roho ya mkataba wenyewe. Benki lazima inunue kwanza, imiliki, ndipo iuze. Ukigeuza mpangilio, umerudi kwenye riba. Sisi waandika programu tunaelewa hili vizuri. Programu ya benki ya kawaida inahitaji kujua kiasi, asilimia na tarehe. Programu ya murabaha lazima ijue pia bidhaa gani, ilikuwa ya nani, saa gani. Nikaipa Sh3,000. Salam nikaipa Sh2,000 kwa mizani na usafiri.

Mudharaba ndipo penye shida. Benki inagawana faida, kwa hiyo lazima ijue faida. Mkulima akivuna magunia 100, akauza 30 usiku kwa broka wa lori na kusema yalitoka 70, benki itajuaje? Inabidi itume mtu kutoka Nakuru, kilomita kama 40, wakati wa kupanda, wa kupiga dawa, wa kuvuna na wa kuuza. Safari nne za Sh3,000 ni Sh12,000. Theluthi mbili za mkate zimeliwa na pikipiki ya msimamizi. Mkataba ule unaosifiwa na kila kitabu unaanguka hapo. Ndiyo maana benki za Kiislamu duniani kote hukimbilia murabaha. Si kwamba hawajasoma. Wamepiga hesabu.

Lakini kuna kombo jingine ambalo sijaliona kwenye hesabu za wasomi, na dada yangu ndiye aliyenionyesha. Mwaka ule alipouza ng'ombe, msimu uliofuata hakupanda. Hakuwa na pesa, na hakuna aliyemkopesha tena. Msimu usiopandwa ni mkate mzima wa Sh18,000 uliopotea, wala hakuna aliyeula. Si benki, si yeye. Ni kombo kubwa kuliko yote.

Nikaliweka ndani. Nikasema kila msimu unaomwacha mkulima na deni kubwa unamnyima msimu mmoja wa kupanda. Kwa mkopo na murabaha ni misimu 2 katika 5, yaani wastani wa Sh7,200. Kwa salam ni 1 katika 5, Sh3,600. Kwa mudharaba hakuna. Ukitoa makombo yote kutoka Sh18,000, kinachobaki ni hiki:

Mkopo wa riba: 9,800, asilimia 54 ya mkate.
Murabaha: 7,800, asilimia 43.
Salam: 12,400, asilimia 69.
Mudharaba: 6,000, asilimia 33.

Waliotarajia nitasema kila kisicho na riba ni bora, poleni. Waliotarajia nitasema yote ni sawa, poleni pia. Kwa namba hizi murabaha inashindwa na mkopo wa kawaida kwa ufanisi, na salam inaushinda kwa mbali. Neno "bila riba" peke yake halikuambii kitu. Inabidi uulize ni mkataba upi, na unaogopa msiba gani.

Sasa badilisha namba moja tu. Fanya usimamizi wa mudharaba uwe Sh3,000 badala ya Sh12,000. Inaruka kutoka 6,000 hadi 15,000, asilimia 83 ya mkate, juu ya yote. Na hapo ndipo watu wa kompyuta tunapoingia. Gharama ya usimamizi ni gharama ya kujua ukweli, na kujua ukweli kumekuwa kukishuka bei. M-Pesa ilianza Machi 2007, na tangu hapo mauzo mengi ambayo zamani hayakuacha alama yanaacha rekodi. Kwenye stakabadhi za ghala Kenya ilipata sheria yake mwaka 2019, ambapo mazao yanapimwa na mtu wa tatu na karatasi yake inaweza kutumika kama dhamana. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Wajir. Mwaka 2013 Takaful Insurance of Africa, pamoja na watafiti wa mifugo wa ILRI, walianzisha bima ya Kiislamu ya mifugo inayotumia picha za setilaiti. Hakuna mtu wa kwenda kuhesabu mizoga. Setilaiti inaangalia ukijani wa malisho, ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa, wafugaji wanalipwa. Malipo ya kwanza yalitoka mwaka 2014. Hapo gharama ya kujua ukweli ilishushwa kwa mashine, na mkataba uliokuwa hauwezekani ukawezekana.

Hata hivyo tusidanganyane. Setilaiti haioni magunia 30 yaliyouzwa usiku kwa pesa taslimu. Na benki bado itaniambia: kwa asilimia 30 napata hasara, hata ukinipa 60 nabaki na Sh3,000 baada ya usimamizi, wakati murabaha inaniachia Sh10,000. Kwa nini nijisumbue? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba sehemu ya hizo Sh10,000 inatoka kwenye zizi la ng'ombe. Benki yenye ekari moja haiwezi kubeba bakajani. Benki yenye ekari elfu, viazi Elburgon, mahindi Trans Nzoia, mpunga Mwea, inaweza, kwa sababu haviugui vyote siku moja. Mkulima hana namna hiyo ya kutawanya hatari yake. Ni ajabu kwamba mikataba mingi inamtwisha mzigo yule asiyeweza kuubeba.

Kuna la mwisho kuhusu salam, na hili ni letu wa huku. Sharti lake kubwa ni kwamba kipimo kijulikane, uzito ujulikane na siku ijulikane. Sasa nenda sokoni uulize gunia la viazi ni kilo ngapi. Sheria inasema 50. Lumbesa je? Ile kofia ya wavu inayoshonwa juu ya gunia inaweza kufikisha kilo zinazotajwa na mwenye bahati ya kuwa na mizani. Ukiandika salam ya "magunia 80" bila kutaja kilo, umeandika mkataba wa kitu kisichojulikana, na programu haiwezi kukusaidia. Kila asilimia 10 ya kofia ni magunia 8 yanayoondoka bure, na kwa bei ya Sh1,500 hiyo ni Sh12,000. Masharti yaliyowekwa karne nyingi zilizopita kwa ajili ya biashara ya tende yangemkinga mkulima wa Elburgon na lumbesa leo, kama tu mtu angeleta mizani.

Nchi ya Sudan ilijaribu salam kwa wakulima wengi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikakutana na tatizo la bei: mfumuko ulipokuwa mkali, mkulima aliona ameuza kwa bei ya kutupa. Wakaongeza kipengele kwamba bei ya soko ikiachana mno na bei ya mkataba, pande mbili zitarekebisha. Nilimwonyesha dada yangu jambo hilo, naye akaniuliza kama mfanyabiashara wake anaweza kukubali. Hakukubali. Alikubali mizani.

Tulifanyaje? Programu ilitusaidia mahali pamoja tu, lakini pakubwa. Niliiuliza: magunia mangapi unaweza kuyaahidi na usibaki na deni hata msimu wa ugonjwa? Jibu ni dhahiri ukishalisikia: 40, yaleyale ambayo hata msimu mbaya unayatoa. Dada akaomba kuuza 40 badala ya 80, akapewa Sh50,000. Nusu nyingine akaitoa kwenye akiba na zamu yake ya chama, ambayo ukiitazama vizuri ni mkopo usio na riba ambao akina mama wa Elburgon wamekuwa wakipeana bila kuuita jina lolote la Kiarabu. Kwa hesabu hiyo, msimu mzuri anabaki na Sh40,000. Bei ikianguka, anapoteza Sh2,000. Ugonjwa ukija, anapeleka magunia yote 40 Nakuru na akiba yake yote ya Sh50,000 imekwenda. Inauma, lakini hakuna mtu atakayekuja kubisha hodi. Nilimwambia hayo yote, pamoja na lile la mwisho. Alinyamaza, akaniambia, "Hasara yangu naijua. Ya watu ndiyo siwezi."

Mkataba ni ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Umetaja aina, Shangi, umetaja kilo 50 kwa gunia bila kofia, mizani ya nani, siku gani, na kitakachofanyika vikikosekana. Viazi viko ardhini ninapoandika haya.

Ukitaka kuipeleka hesabu hii kwenye karoti, mahindi au mbao, unachohitaji ni namba nne: gharama, mavuno ya msimu mzuri, mavuno ya msimu mbaya kabisa unaoukumbuka, na bei ya chini kabisa uliyowahi kuuzia. Usizichukue kwenye vitabu. Muulize mzee aliyelima hapo miaka 20. Kisha tafuta mwenyewe mkate wako ni wa shilingi ngapi kabla hujakaa na mtu yeyote kuzungumza asilimia.

Haya, kwa leo niishie hapo. Mvua imeanza tena na stima za huku mnazijua.